Uvimbe wa mama umeshika mshipa mkubwa wa damu: je, bado unapasulika?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Tanga. Alianza kwa kuona sketi zinambana kiunoni huku mwili unakonda. Miezi minne baadaye mguu wa kulia ukaanza kuvimba jioni. Ultrasound ikaonyesha uvimbe, tukapelekwa CT scan. Ripoti inasema uvimbe una sentimita 17, uko nyuma ya tumbo upande wa kulia, umesukuma figo ya kulia na utumbo, na umeuzunguka mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, sehemu iliyo chini ya figo. Mapafu na ini ni safi. Daktari wa kwanza alisema haupasuliki kwa sababu ya huo mshipa. Wa pili alisema anaweza kufungua tumbo wiki ijayo, akatoa sehemu kubwa na kuacha ile iliyoshika mshipa. Mjomba anakataa hata kinyama kisichukuliwe, anasema uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa mwili mzima. Mshipa ukikatwa damu itapita wapi? Tumsikilize nani? Na mama mwenyewe anauliza kama ataweza tena kusujudu."

Marahaba, mwanangu. Msalimie sana mama, na umwambie asijilaumu kwamba alichelewa. Wagonjwa wengi wa uvimbe wa namna hii husimulia hivyo hivyo: nguo zinabana, mtu anadhani ni kitambi cha umri, hadi siku mguu unapovimba.

Mmepewa maneno matatu yanayopingana, na mawili ya madaktari yanazunguka hofu moja, ya mshipa. Nitawaambia msimamo wangu kwanza, kisha nieleze sababu. Msikubali kwamba haupasuliki mpaka waliozoea kazi hii wamezitazama picha. Msikubali tumbo lifunguliwe wiki ijayo. Na kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, kichukuliwe, kwa njia sahihi, kabla ya lolote lile.

Daktari wa kwanza huenda alisema kweli kwa hospitali yake. Uvimbe ulioshika mshipa mkubwa hautolewi mahali pasipo na mtaalamu wa mishipa ya damu, akiba ya damu na kitanda cha ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Lakini "haupasuliki hapa" na "haupasuliki" ni kauli mbili, na mara nyingi mgonjwa huondoka na ya pili wakati aliyoambiwa ni ya kwanza. Rudini kwake mkamuulize kwa adabu: daktari, ulimaanisha hapa, au popote?

Tuanze na mahali uvimbe ulipo. Nyuma ya utando unaofunika utumbo kuna chumba kinachoegemea mgongo. Humo mmekaa figo, sehemu ya kongosho, misuli ya mgongo, mafuta mengi na mishipa mikuu ya damu. Ni chumba chenye nafasi. Uvimbe unaweza kukua humo ukafikia ukubwa wa tikiti bila kuuma, kwa sababu unavisukuma vitu laini ambavyo havipigi kelele. Kwa mtu mzima, uvimbe mkubwa unaoota kwenye chumba hicho bila kutoka kwenye figo wala kongosho mara nyingi ni sarkoma, yaani saratani ya nyama laini. Sarkoma zote kwa jumla ni kama 1 tu katika kila saratani 100 za watu wazima, na zile za nyuma ya tumbo ni sehemu ndogo ya hizo. Kwa hiyo daktari mzuri kabisa wa mkoani anaweza kufanya kazi miaka mingi na kukutana nazo mara chache sana. Zinazoongoza ni mbili: liposarkoma inayotokana na mafuta, na leiomiosarkoma inayotokana na misuli laini. Hii ya pili wakati mwingine huzaliwa ndani ya ukuta wa mshipa wenyewe, na huwapata zaidi wanawake wa rika la mama.

Nimesema "mara nyingi". Ripoti ya picha haina jina la ugonjwa, ina umbo lake tu. Limfoma, saratani ya matezi, inaweza kuuzunguka mshipa hivyo hivyo, na limfoma hutibiwa kwa dawa, hukati mtu. Matezi ya kifua kikuu cha tumbo yanaweza kurundikana pale pale. Kuna uvimbe wa desmoidi ambao hausambai, na siku hizi tunaanza kwa kuuangalia tu. Kuna uvimbe wa ukuta wa utumbo unaoitwa GIST, ambao vidonge vya imatinibu huusinyaza kwanza ndipo upasuaji uwe mwepesi. (Wazazi mnaosoma haya mkiwa na mtoto mwenye uvimbe tumboni, msiyachukue kama yalivyo. Kwa watoto wa ukanda wetu orodha ni nyingine, na limfoma aliyoieleza daktari Denis Burkitt kutoka hospitali ya Mulago, Uganda, mwaka 1958 imo, nayo hutibika kwa dawa.) Ukipasua kabla ya kujua jina, unaweza kumfanyia mtu operesheni ya saa nane kwa ugonjwa ambao ungeyeyushwa na dripu.

Hapo ndipo ninapomwendea mjomba. Hofu yake haikutoka hewani. Watu wameona ndugu zao wakifunguliwa tumbo, uvimbe ukachokonolewa, ukafungwa, na baada ya miezi mgonjwa akazidiwa. Wakahitimisha kwamba chuma ndicho kilichousambaza. Kilichotokea mara nyingi ni kwamba ugonjwa ulikuwa tayari umefika mbali, au tumbo lilifunguliwa ovyo na uvimbe ukapasuka ndani. Kupasuka ndani ni jambo la kweli la kuogopa. Sindano ni habari nyingine. Kwa uvimbe wa nyuma ya tumbo, sindano nene ya kukata kinyama hupitishwa mgongoni au ubavuni, ndani ya ala yake, huku daktari wa picha akiiongoza kwa CT au ultrasound. Ala ikishaingia haitolewi na kurudishwa. Vipande vinne au zaidi hupita ndani yake, kwa hiyo sindano haigusi nyama njiani. Mbegu za saratani kubaki kwenye njia hiyo ni nadra. Tusichokitaka ni kinyama kuchukuliwa kwa kufungua tumbo, au sindano kupitia mbele ikatoboa utando na utumbo. Mwambieni mjomba kwamba yuko sahihi kuuogopa mkono usio na mpango, na sindano ya mgongoni ndiyo itakayoonyesha mpango uwe upi.

Sharti moja kabla ya sindano: kama mama hupata presha inayopanda ghafla, jasho na moyo kwenda mbio, semeni mapema. Kuna uvimbe adimu wa eneo hilo unaomwaga homoni za presha, nao hupimwa kwanza kwa damu au mkojo. Kuuchoma bila kujua ni hatari.

Sasa mshipa, maana hilo ndilo swali lenyewe.

Mbele ya uti wa mgongo mmelala mishipa miwili mikubwa, sambamba. Upande wa kushoto ni aota, ateri kuu inayoteremsha damu kutoka kwenye moyo. Ukiigusa inadunda. Upande wa kulia ni vena kava ya chini, inayokusanya damu ya miguu, nyonga, figo na ini na kuirudisha kwenye moyo. Hii haidundi. Ina rangi ya samawati, ukuta wake ni mwembamba, ukiibonyeza kidogo inalala bapa. Watu wakisikia "mshipa mkubwa" huwaza kitu kimoja. Kwetu sisi tofauti ya hiyo miwili ndiyo inayopanga operesheni nzima. Aota ikikatwa ni lazima mahali pake pawekwe mshipa mwingine hapo hapo, maana kila kilicho chini yake kitakosa damu. Vena ikifungwa, damu haikosi kufika, inachelewa kutoka. Mguu utavimba, lakini kwa kawaida utakuwa hai.

Uvimbe wa mama, kwa maelezo ya ripoti, umeizunguka vena kava chini ya figo. Katika mambo mabaya, hapo ndipo penye nafuu. Vena hiyo tunaigawa sehemu tatu: chini ya figo, kati ya figo na ini, na juu karibu na moyo. Kadiri unavyopanda, kazi inakuwa ngumu, na ile ya juu kabisa huenda ikahitaji wapasuaji wa moyo na mashine zao. Mwaka 2006 Schwarzbach na wenzake waliugawa uvimbe huu makundi manne: ulioshika ateri na vena, ulioshika ateri peke yake, ulioshika vena peke yake, na usioshika mshipa wowote. Mama yuko kundi la tatu, ikiwa picha mpya itathibitisha kwamba kati ya uvimbe na aota bado kuna tabaka la mafuta.

Unauliza damu itapita wapi. Jibu ni kwamba tayari imeshaanza kupita kwingine. Uvimbe unaokua pole pole huiziba vena kidogo kidogo, na damu haikai ikangoja. Barabara kuu ikifungwa, magari huingia njia za panya. Mwilini njia hizo zipo: mishipa midogo inayopanda kando ya uti wa mgongo hadi kifuani, ile ya nyonga, ile ya ukuta wa tumbo. Miezi ikipita, midogo inatanuka na kuzoea mzigo. Mwambie mama asimame penye mwanga, na dada au shangazi amwangalie tumbo. Ikionekana mishipa ya bluu iliyotuna chini ya ngozi, ikitoka kinenani kupanda kuelekea mbavuni, hizo ndizo njia za panya zenyewe. Na mguu wake kuvimba jioni ukapungua asubuhi ni dalili kwamba bado kuna pa kupitia.

Ndiyo maana uamuzi wa mwisho hufanyikia thieta, na ningependa uuone kwa macho ya akili. Uvimbe umeachanishwa pande zote, umebaki kuning'inia kwenye vena tu. Mpasuaji anaweka koleo laini juu na chini ya sehemu iliyoshikwa, anabana, halafu anaacha kufanya kazi. Mikono inatulia. Anamuuliza mtaalamu wa usingizi: presha ikoje? Dakika zinahesabiwa. Presha ikikaa pale pale, mkojo ukiendelea kutoka, na utumbo usipobadilika rangi wala kuvimba, maana yake njia za panya zinatosha. Kipande cha vena kinaondoka pamoja na uvimbe, ncha mbili zinashonwa na kufungwa moja kwa moja. Presha ikianguka, koleo linafunguliwa, mgonjwa anaongezewa maji na damu, na mpango wa kuweka mshipa wa bandia unaanza. Mshipa huo ni bomba la PTFE, plastiki laini nyeupe, lenye pete kwa nje ili lisibanwe na matumbo. Kama uvimbe umegusa ubavu mmoja tu wa ukuta, hukatwa kile kipande na tundu kushonwa, au kuwekwa kiraka kama njia itasinyaa mno. Kwa hiyo "kushika mshipa" si hukumu moja. Kuna kusukuma, kuna kuzunguka, kuna kuingia ndani ya ukuta hadi kwenye damu, na kila kimoja kina dawa yake ya kushona.

Nikae kidogo kwenye figo, maana wengi huzisahau. Kwa uvimbe wa sentimita 17 upande wa kulia, kuna uwezekano mkubwa figo ya kulia ikaondoka nao hata kama haina saratani ndani, na pengine kipande cha utumbo mpana pia. Familia hushtuka: kwa nini mmetoa figo nzima? Kwa sababu ganda linaloonekana kwenye sarkoma si ganda la kweli. Huwezi kuimenya kama chungwa. Chembe za saratani zimepenya nje ya ganda hilo, na ukipita juu yake unaziacha. Lazima utoke na tabaka la nyama salama, na upande wa kulia nyama hiyo mara nyingi ni figo na mafuta yake. Mtu anaishi vizuri na figo moja, ila iwe nzima. Kabla ya siku hiyo, damu ipimwe kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, na CT scan yenye dawa ya kung'arisha picha ithibitishe kwamba figo ya kushoto inafanya kazi. Kuna jambo la maumbile ambalo hapa linamsaidia mama: vena ya figo ya kushoto ni ndefu na ina matawi, linalotoka tezi ya adrenali, linalotoka ovari, na mengine ya mgongoni. Ikilazimika kufungwa karibu na vena kava, matawi hayo yanaweza kubeba damu. Ya kulia ni fupi na haina matawi hayo. Angekuwa anabaki na figo ya kulia, tungelazimika kuishona upya kwa gharama yoyote.

Sasa daktari wa pili, anayetaka kutoa sehemu kubwa na kuacha iliyoshika mshipa. Naamini nia yake ni njema, anataka kumpa mama nafuu. Lakini hapa sipindishi: kwa sarkoma, operesheni ya kwanza ndiyo nafasi bora ya kupona. Ukiacha kipande kwenye mshipa, umeacha ugonjwa mahali pale pale pabaya, sasa ukiwa umezungukwa na makovu. Yale matabaka laini ambayo mpasuaji hupita kati yake yanagandana. Chembe zimemwagika tumboni. Atakayefungua mara ya pili atakuta mshipa umeshikana na utumbo kama saruji, na kazi iliyokuwa ngumu imekuwa haiwezekani. Kupunguza uvimbe kuna nafasi yake kwa wachache, hasa liposarkoma ya aina tulivu inayobana utumbo na haiwezi kutolewa yote. Mama hajafikia huko. Hata jina la uvimbe hatulijui bado.

Hatari zake ni kubwa na mama ana haki ya kuzijua kabla ya kusaini. Kubwa ya kwanza ni kutoka damu, maana ukuta wa vena ukichanika damu hujaa tumboni kwa muda mfupi kuliko unavyodhani. Baadaye kuna damu kuganda mguuni na kukimbilia mapafuni, mshipa wa bandia kuziba au kupata maambukizi, hasa kama utumbo nao umekatwa siku hiyo hiyo, figo iliyobaki kulegea kwa siku kadhaa, na pale utumbo ulipounganishwa kuvuja. Vituo bobezi vya Ulaya na Marekani Kaskazini vilipokusanya wagonjwa 1,007 waliofanyiwa operesheni ya kwanza ya sarkoma ya nyuma ya tumbo, chini ya 2 kati ya 100 walifariki ndani ya siku 30, na kama 67 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Nakupa namba hizi kwa tahadhari. Ni vituo vinavyofanya kazi hii kila wiki, wengi wa wagonjwa hao hawakukatwa mshipa mkubwa, na kukata mshipa ni miongoni mwa mambo yaliyoongeza matatizo. Lakini zinaonyesha kwamba kazi hii ikifanywa na waliozoea, watu hurudi nyumbani.

Kuhusu mionzi na kemo, yaani dawa za saratani, nitasema kwa kifupi. Utafiti mkubwa wa watu 266, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha upasuaji peke yake na upasuaji uliotanguliwa na mionzi. Kwa jumla mionzi haikuleta faida, ingawa kuna dalili kwamba baadhi ya wenye liposarkoma huenda walinufaika. Kwa hiyo msishangae mkiambiwa haihitajiki, wala msiidai. Kemo huzungumzwa zaidi pale kinyama kinapoonyesha leiomiosarkoma kali, kwa sababu hiyo hupenda kurukia mapafu. Liposarkoma yenyewe hupenda kurudi pale pale ilipotoka, wakati mwingine baada ya miaka 10, ndiyo maana CT scan za kufuatilia haziishi baada ya mwaka wa kwanza.

Mwende wapi? Ombeni barua ya rufaa kwenda Muhimbili. Sina nia ya kuzipuuza hospitali nyingine. Kwa kazi hii mnahitaji watu kadhaa kwenye eneo moja. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo hapo hapo Muhimbili, na wapasuaji wake wa moyo na mishipa ndio watu wa kuitwa vena inapohitaji kushonwa. Kupandikiza figo kulianza Muhimbili mwaka 2017, na anayepandikiza figo ameshazoea kushona vena yake. Ocean Road, taasisi ya saratani, iko mwendo mfupi kwa ajili ya mionzi na dawa. Ombeni kesi ya mama ijadiliwe kwenye kikao cha pamoja cha madaktari wa saratani, isiamuliwe na mtu mmoja kwenye chumba kimoja. Na mchukue CD ya picha, siyo karatasi ya ripoti peke yake. Mpasuaji anataka kupitisha macho yake mwenyewe kwenye mshipa, tabaka kwa tabaka. Kama picha ya kwanza ilipigwa bila dawa, itarudiwa kwa dawa, ikiwamo kifua.

Mkikaa na mpasuaji, muulizeni bila woga: nani atashughulikia mshipa, na atakuwepo tangu mwanzo au ataitwa damu ikishatoka? Chupa ngapi za damu zitakuwa tayari? Kitanda cha ICU kimehifadhiwa? Wewe binafsi umetoa uvimbe wa aina hii mara ngapi? Daktari anayestahili kumfungua mama hatakasirika. Ndugu wenye afya nao waende mapema kuchangia damu.

Kuna atakayewaambia uzeni shamba mwende India. Huenda ikafika huko. Wagonjwa wetu wengi wamepewa rufaa ya huko na wengine wamerudi wazima. Lakini kwanza kinyama kisomwe. Nimeona familia ikiuza nyumba, ikafika ng'ambo, ikaambiwa ni limfoma, na dawa zake zilikuwepo Dar es Salaam. Wiki tatu au nne za kujipanga hazitambadilishia mama hatima. Uvimbe uliofika sentimita 17 haujaanza mwezi uliopita.

Wakati mnasubiri, mama asikandwe tumbo wala mguu. Mguu uliovimba unaweza kuwa na bonge la damu ndani, na kukandwa kunaweza kulisukuma likapanda mapafuni. Dawa za mitishamba za kunywa aziache, na diklofenaki za dukani pia, kwa sababu zote mbili zinaweza kuiumiza figo tunayoitegemea kesho. Ale vizuri, protini iwepo kila mlo: dagaa, maharage, mayai, samaki, hivyo mnavyovipata Tanga kwa urahisi. Atembee kila siku. Jioni alale chali, miguu juu ya mito.

Msisubiri kliniki, nendeni hospitali usiku ule ule, akipata pumzi kubana ghafla au maumivu ya kifua. Mguu mmoja ukivimba kwa saa chache, ukauma na kuwa wa moto. Miguu yote miwili ikivimba pamoja. Akitapika bila kukoma na tumbo likakataa kutoa hewa. Mkojo ukiwa na damu au ukikoma. Au akipauka, akatoka jasho baridi na kuanguka.

Na kama kikao kitasema kweli hauwezi kutolewa? Hilo hutokea. Uvimbe ukiizunguka ateri inayolisha utumbo mdogo wote, ukishika figo zote mbili, ukiingia kwenye vena za ini au ndani ya mfupa wa mgongo, au mapafu yakiwa na madoa mengi, mpasuaji mwaminifu huweka kisu chini. Hapo mgonjwa haambiwi arudi nyumbani akangoje. Kuna kemo, kuna mionzi ya kupunguza maumivu, kuna morfini ya maji, kuna watu wa tiba shufaa ambao kazi yao ni mtu alale usiku na aongee na wanawe mchana. Kwa picha uliyonieleza, sioni hata kimoja cha hivyo kwa mama. Ndiyo maana nimesisitiza atazamwe upya.

Sasa swali lake. Akifanyiwa operesheni, atasimamishwa kando ya kitanda siku ya kwanza au ya pili, akiwa ameshikwa, ili damu isigande miguuni. Mshono utakuwa mrefu, kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu, na kwa wiki 6 hadi 8 misuli ya tumbo haitakiwi kubeba ndoo wala kuinama kwa nguvu. Kusujudu kwa paji la uso chini kungoje hadi mpasuaji auguse mshono na kusema umeshika. Kabla ya hapo asali amekaa, dini imempa ruhusa hiyo mgonjwa, na shehe wa mtaa wenu atamweleza namna. Kama vena itafungwa bila kuwekewa bomba, magoti kukunjwa kwa muda mrefu huenda yakaujaza mguu kwa miezi ya mwanzo, na soksi za kubana atazivaa asubuhi kabla hajashuka kitandani. Mtafutieni kiti imara ambacho nyayo zake zitafika chini vizuri, na kigoda cha kuinulia miguu akishatoa salamu.